Kabla Jua Halijatoka Bukundi

Niliondoka Bariadi kwa sababu mbili, na ninyi mliobaki niliwaambia moja tu. Niliwaambia nakwenda kushika maiki kwenye uzinduzi wa kampeni za mjomba wangu Masanja, aliyekuwa anagombea udiwani kule kwetu, upande wa Bukundi. Hiyo ni kweli. Ya pili niliona aibu kuitaja: nilitamani bibi yangu anipulizie maji usoni.

Bibi Nyanzobe ni mama yake mama, na ndiye aliyenilea mpaka nilipofikia umri wa shule. Haendi kanisani wala msikitini. Anamwomba Liwelelo, ndivyo watu wa kwetu wanavyomwita Mungu kwa Kisukuma, akipitia kwa wahenga waliotangulia. Nilipokuwa mdogo, kila mtu wa kaya yetu alipoanza safari au jambo kubwa, Bibi alikoroga unga mweupe wa mtama kwenye maji, akayaweka mdomoni, akayapuliza upande wa mashariki, kisha usoni kwa mwenye safari. Ubaridi ule sijausahau. Baadaye mama aliokoka, akanichukua kuja Bariadi, nikabatizwa Neema. Tangu hapo nimeombewa mara nyingi, kwa mikono mizito kichwani na kwa sauti kubwa, na ninashukuru. Ila uso wangu umebaki mkavu.

Asubuhi ya kuondoka, mama alinifungia viazi vitamu na chai kwenye chupa. Alisimama mlangoni akiwa ameshika fundo la kanga yake.

"Kamsalimie," alisema. "Umwambie tuko salama. Lakini usiingie kwenye mambo ya mizimu, Neema."

"Sawa, mama."

"Na ule. Ukiwa na wasiwasi huli."

Ananijua. Mimi nina ugonjwa wa kutaka kila kitu kikae sawa. Kazi ya kuongoza shughuli sikufundishwa na mtu. Nimejifunza kwa kusikiliza redio na kujirekodi kwenye simu nikiwa nimejifunika shuka, majirani wasisikie. Kwa sababu sina cheti, naishi nikiogopa kwamba siku moja mtu atasimama katikati ya harusi na kuuliza nani aliyenipa maiki. Ndiyo maana ratiba ya Mjomba niliiandika, nikaifuta, nikaiandika tena. Niliyojivunia zaidi ni siku yenyewe. Ijumaa tuliikwepa kwa ajili ya Waislamu, Jumamosi kwa ajili ya wanaosali siku hiyo, Jumapili kwa ajili ya wengine wote. Tukachagua Alhamisi, baada ya swala ya adhuhuri. Nilijiona nimemkumbuka kila mtu.

Nyalikungu, pale mjini Maswa, nilishuka kwenye basi. Katibu wa kampeni alikuwa ananingoja kando ya gari la spika. Ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, kila mtu anamwita Mwalimu, na huvaa kofia ya pama hata akiwa ndani. Alinipeleka kwa mama ntilie, akaagiza wali, akaombea chakula kwa kirefu mpaka mchuzi ukapoa. Kisha akaisoma ratiba yangu kwa kidole.

"Ngoma, nzuri. Wale wachezaji wanavuta watu. Dua ya shehe, sala ya mchungaji, vizuri sana." Kidole kikasimama. "Hii nini? 'Maombi ya Bibi Nyanzobe'?"

"Ni mama wa mgombea, Mwalimu. Na kata ile nusu ya watu wanaomba kama yeye."

"Neema, mwanangu. Kampeni hatuchanganyi na ushirikina."

"Na wale wachezaji wa ngoma? Wote wanafunga hirizi."

"Wale wanacheza." Akatabasamu kama mtu aliyeshinda. "Mama atakaa mbele. Tutamnunulia kitenge, tutamtambulisha, watu watapiga makofi. Kuomba, aombe kwake."

Nilimeza wali pamoja na maneno niliyotaka kusema. Nilijua Katiba inampa kila mtu uhuru wa dini yake. Hayo nimeyasoma mwenyewe, nikayapigia mstari kwa kalamu ya rangi. Lakini mbele ya mzee mwenye kofia, ujuzi wa kujisomea hukimbilia tumboni. Nikasema tu, "Nitamwuliza Mjomba."

"Mwulize," akasema, akaongeza wali kwenye sahani yangu. Ni mtu mwema. Hilo ndilo lililonipa taabu safari nzima.

Kutoka Maswa kwenda Meatu nilikaa mbele kwenye gari la spika, kati ya dereva na Mwalimu. Pamba ilikuwa imeshauzwa, mashamba yamebaki na vijiti vikavu, na vumbi lilitufuata kama mtu anayedai jibu. Kila tulipokaribia senta, dereva aliwasha wimbo wa kampeni na watoto wakakimbia nyuma yetu. Tulipopita alizima, tukarudi kwenye ukimya. Baada ya Mwanhuzi miti ilipungua na ng'ombe wakaongezeka. Walivuka barabara taratibu, mmoja mmoja, na dereva hakuthubutu kupiga honi. Nilianza kuona vitu nilivyodhani nimevisahau: ngitiri, yale malisho yanayofungwa majani yasiliwe mpaka kiangazi kikali, mwanamke akianika michembe ya viazi juu ya mwamba. Nilifuta macho. Mwalimu alidhani ni vumbi, akanipa leso.

Bukundi tulifika jua likiwa limelegea. Waliniacha kwenye njia ya kwa Bibi, wao wakarudi Mwanhuzi kwenye nyumba ya wageni, alikokuwa amefikia Mjomba na kamati yake. Nilitembea nikirudia salamu kichwani. Niliogopa kukosea hata hiyo.

Kaya ilikuwa ileile: uzio wa minyaa, zizi katikati, na kando ya zizi kile kibanda cha nyasi kisichofika kiunoni, nyumba ya wahenga. Bibi alikuwa anachambua choroko. Nikapiga magoti.

"Mwadila, Bibi."

"Mwadila, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu, salama tu."

Alinitazama. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni wa maisha yote. Kwetu, mwanamke mzee mwenye macho hayo huishi kwa tahadhari, kwa sababu kuna watu wanaoyasoma kama alama ya uchawi.

"Kumbe ni mke mwenza," akasema. "Umekuja kunifukuza? Mume mwenyewe alishakufa, umechelewa."

"Nimekuja kudai urithi wangu, Bibi."

"Urithi ni hizo choroko. Anza kuchambua, Minza."

Minza. Jina langu la kabla ya ubatizo; Bariadi hakuna anayeniita hivyo. Nilichambua choroko nikiwa nimeinamisha kichwa, asione uso wangu.

Baadaye aliuliza swali ambalo nilipaswa kulisikiliza vizuri zaidi. "Masanja anakuja lini?"

"Kesho, Bibi. Mkutano ni kesho mchana."

"Hapa anakuja lini?"

"Ana kamati, Bibi. Wamelala Mwanhuzi."

Alipepeta choroko, makapi yakaruka. "Nataka nimwombee mwanangu kabla hajaanza kuwaomba watu. Hilo tu. Siwezi kumpigia kura mtu ambaye sijamwombea."

Nikasema, kwa furaha ya mtu mwenye jibu tayari, "Hilo niachie mimi." Moyoni nilikuwa nimeshaona kiti, kipaza sauti, na umati uliosimama.

Asubuhi ya Alhamisi nilimkuta Mjomba kwenye uwanja wa mkutano, akikagua jukwaa. Mjomba Masanja ni mrefu na hucheka haraka, lakini siku ile alikuwa anacheka kabla ya mtu kumaliza sentensi. Nilimweleza. Alinivuta nyuma ya gari.

"Mpwa wangu, unajua watu wanasema nini msimu wa uchaguzi. Mgombea akionekana kwenye kaya kama ile, wanasema amekwenda kuchanjwa dawa ya kura."

"Kaya kama ile ni kwenu, Mjomba."

Hakucheka. Alitazama upande wa kaya ile, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

"Mpe dakika moja," akasema. "Baada ya mchungaji. Mwalimu nitaongea naye mimi. Ameshanizaa yule mama, nitamficha wapi?"

Nilitaka kumkumbatia. Nilirudi kwenye ratiba yangu na kuiandika upya kwa mwandiko mzuri.

Mchana, mkutano ulijaa. Ngoma ilichezwa mpaka vumbi likapanda juu ya turubai, na hata Mwalimu nilimwona akitikisa mguu. Shehe aliomba dua fupi na tamu. Mchungaji aliomba kwa nguvu, spika zikalia. Bibi alikuwa mstari wa mbele, amevaa kitenge kipya kilichosimama kwa ugumu kama boksi. Sauti yangu ilikuwa nzuri. Najua, kwa sababu mimi huisikiliza sauti yangu kuliko kitu chochote. Nikasema kwamba katika kata hii kuna wanaosali Ijumaa, wanaosali Jumamosi, wanaosali Jumapili, na wanaomwomba Mungu kwa njia ya wahenga wetu, na kwamba diwani ni wa wote. "Kwa hiyo namkaribisha mama yetu, Bibi Nyanzobe, atuombee."

Kijana mmoja juu ya pikipiki akapaza sauti, "Bibi, tupulizie na sisi tupate wachumba!" Watu wakacheka. Kisha ikaja sauti nyingine, ya mtu mzima, isiyo na kicheko: "Masanja kaja na mganga wake."

Nilimfikia Bibi, nikapiga magoti, nikamwekea maiki mdomoni. Aliifunika kwa kiganja, kama mtu anayezima kibatari.

"Minza," akaninong'oneza, "jua liko utosini. Wote hawa wamekula. Niombe nini saa hii?"

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniumiza kuliko kama angenifokea. Kisha akatoa kiganja, akainuka polepole, akawageukia watu wote. "Mwadila!"

"Mwadila!" uwanja mzima ukaitikia, hata yule wa pikipiki. Bibi akaketi.

"Umeona?" Mwalimu aliniambia nikirudi jukwaani. "Hata yeye mwenyewe hataki."

Mjomba alihutubia vizuri, kuhusu barabara na maji na majosho ya ng'ombe. Hakutazama mstari wa mbele hata mara moja.

Jioni nilimrudisha Bibi nyumbani kwa miguu. Kitenge kilikuwa kinamkwaruza, akakivua njiani na kukikunja kichwani. Nilianza kuomba radhi, nikaomba tena, kwa maneno mapya kila mara, kama ninavyoandika ratiba. Akanikatiza.

"Wewe mke mwenza, unaomba radhi kama unapalilia. Nyamaza usikie. Mmenipa kiti. Mmenipa kitenge. Mmenipa hicho cha kusemea. Hakuna aliyeniuliza naomba saa ngapi."

Nilisimama.

"Wale wa Ijumaa mliwaachia Ijumaa yao, mkafanya vizuri. Hawa wengine siku zao. Mimi naomba jua likiwa bado halijatoka, hapa kwenye lango la zizi la baba yake, mtu hajatia kitu mdomoni, hajasalimiana na mtu. Na anayeombewa awepo. Kesho Masanja anaanza kuzunguka vijiji. Kwa hiyo ni kesho."

Nilipanda kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, ambako simu hushika, nikampigia Mjomba. Nilimwambia yote bila kupamba.

"Kutoka Mwanhuzi ni mbali," alisema. "Na gari lina picha yangu pande zote, Minza. Nani hataliona?"

Hakuwa ameniita Minza kwa miaka mingi. "Nitaona," akasema, akakata.

Alfajiri Bibi aliniamsha kwa kunigusa unyayo, bila neno. Nilimfuata. Kulikuwa na baridi, ng'ombe wanapumua moshi, na upande wa mashariki weupe mwembamba umeanza kuchora mstari. Bibi aliweka kata ya maji kwenye lango la zizi, akamwaga unga, akakoroga kwa kidole. Kisha tukasimama tukitazama njia.

Sijui nimewahi kutamani kitu kama nilivyotamani taa za lile gari. Nilisikiliza kila kitu: jogoo wa jirani, kengele shingoni mwa ng'ombe, pikipiki iliyopita mbali na kupotea. Weupe ukageuka wekundu. Bibi hakuwa na saa; alikuwa anaangalia migongo ya ng'ombe, namna rangi zao zinavyorudi mmoja baada ya mwingine. Mabaka ya ng'ombe wa mwisho yalipoonekana, alishusha pumzi. Maji yakishatiwa unga hayamwagwi bure. Aliinua kata, akaniangalia, akanionyesha kwa kidevu mahali pa kusimama. Pale palikuwa pa Masanja.

Nilikumbuka agizo la mama. Nikasogea, nikasimama.

Alipuliza mashariki. Akaita majina ya wahenga, baba wa baba, taratibu, kama anayegonga milango. Kisha akaita walio hai. "Masanja, aliye njiani. Nkwimba, aliye Bariadi." Nkwimba ni mama yangu, kabla hajawa Esta. Halafu akanigeukia. "Na huyu hapa, Minza, ndiye aliyefika."

Maji yakanipiga usoni. Yalikuwa baridi vilevile.

Jua lilipokuwa limeshakaa juu ya minyaa, gari lilitokea, na uso wa Mjomba unaocheka umebandikwa mlangoni. Watu waliokuwa wanakwenda kisimani walisimama kutazama. Mjomba halisi alishuka, vumbi hadi kwenye nyusi, akatembea mpaka langoni, akaiona kata tupu, akaona uso wangu uliolowa. Akapiga goti moja.

"Mwangaluka, mama. Nimechelewa?"

"Mwangaluka, Masanja. Jua limetoka."

"Hakuna namna?"

"Jua likitoka limetoka, mwanangu. Kesho nalo litatoka. Ingia unywe uji."

Alibaki na goti chini kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akaketi kwenye kigoda, pale nje, mbele ya kibanda cha wahenga, mahali ambapo kila aliyepita aliweza kumwona. Bibi akachungulia garini.

"Na yule mwenye kofia? Dini yake inamkataza uji?"

Mwalimu alishuka akijikohoza. Alivua kofia, ikawa mara yangu ya kwanza kuona nywele zake. Alipopewa kikombe akafumba macho, akaanza kuombea uji kwa kirefu kama kawaida yake, na Bibi, ambaye alikuwa ameshainua kikombe chake, akakishusha. Akangoja. Uji ukapoa. Mwalimu aliposema amina, Bibi akasema naye, "Amina," kisha wote wakanywa.

"Mama una subira," alisema Mwalimu, akijipangusa masharubu.

"Ulikuwa unaongea na Liwelelo mwenyewe," Bibi akasema. "Ningekukatizaje?"

Mwalimu aliutazama uji wake. Mjomba akacheka, safari hii baada ya sentensi kuisha. Gari lilipoondoka nilimsikia akimwuliza dereva kutoka Mwanhuzi mtu aondoke saa ngapi ili awahi weupe wa kwanza. Kama alikuja kuwahi siku nyingine sikuwepo kuona, na Bibi kwenye simu haelezi mambo ya langoni.

Njiani kurudi, kupitia Mwanhuzi na Maswa, nilikaa dirishani na unga mkavu kwenye ukosi. Nilifikiria kosa langu, kwa sababu ndiyo tabia yangu, lakini kwa mara ya kwanza halikunila. Nilikuwa nimemchukua Bibi na kumpandisha kwenye ratiba yangu, nikaita hilo kumjali. Kumpa mtu nafasi katikati ya saa zako ni rahisi. Kwenda kwenye saa yake, na tumbo tupu, na gari lenye picha yako likionekana na wote, ndilo jambo ambalo wagombea na sisi tunaowashikia maiki tunaliogopa. Mjomba aliliogopa, akalifanya nusu. Hata hiyo nusu niliona ilivyomgharimu.

Bariadi nilifika wakati mama anaosha vyombo. Alinitazama uso, kisha ukosi. Nilingoja kugombezwa. Alichukua kona ya kanga kama anataka kunifuta unga, mkono ukaishia njiani.

"Alikutaja?" akauliza.

"Alinitaja, mama."

Akarudi kwenye vyombo. Alisugua sufuria ileile ambayo ilikuwa imeshatakata.

"Na mimi?"

"Na wewe. Nkwimba, aliye Bariadi."

Hakugeuka. Aliweka sufuria chini, akaloweka vidole kwenye maji safi ya ndoo, akajipitisha usoni polepole, kisha akaniuliza kama nimekula.